Mpaka Uchoke Mwenyewe

Juzi mjukuu wangu wa kike alinisomea kitu kwenye simu yake. Ati huko nje kuna watu wenye fedha nyingi wanatafuta dawa ya kumfanya binadamu aishi miaka mia na hamsini, tena bila kuzeeka sana. Alikuwa anafurahi kana kwamba dawa yenyewe itashushwa Katesh siku ya mnada. "Bibi," akaniuliza, "wewe ungeinywa?" Nikamwambia azime simu aje tupukuchue mahindi. Akaniona mzee mwenye gubu, na huenda ni kweli. Lakini mimi nimeshaishi nyumba moja na mtu aliyeishi kupita kiasi, na najua miaka yake ya ziada ilitoka kwa nani.

Babu mzaa baba hakujua mwaka aliozaliwa. Alichojua ni kwamba Wajerumani walipokuwa wanajenga boma lao kule Mbulu, yeye tayari alikuwa anachunga ndama. Baadaye, akiwa mtu mzima, aliteremka na ng'ombe wake na mke wake mpaka huku Hanang, akajenga tembe upande wa Dirma, nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa na la udongo vilevile, mlima ukiwa mbele ya mlango. Hapo akazaa watoto saba. Baba yangu alikuwa kitinda mimba. Kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na wazazi. Kaka zake wanapewa sehemu zao na kuondoka, yeye anakaa anawatunza wazee, na wakishafariki mji unakuwa wake: nyumba, shamba, zizi na neno la mwisho. Hicho ndicho kitu pekee baba yangu alichoahidiwa duniani, na alikitaka.

Nilipokuwa na miaka tisa hivi, baba alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Bonde ambalo babu alilikuta likiwa malisho lilikuwa limelimwa lote; ngano ilianzia pale tulipozoea kuacha mbuzi, na mwisho wake hukuuona. Siku za kazi baba alilala kambini. Jumamosi alirudi kwa lori la shamba, vumbi mpaka kwenye kope, kucha nyeusi kwa grisi, anapiga mluzi. Kule kambini watu walimwita fundi, kwa sababu trekta likikohoa tu alijua linaumwa wapi. Akivuka zizi letu aliitwa kijana. Alikuwa na miaka kama arobaini na watoto watano.

Hakulalamika, na mimi wakati huo sikuona ajabu. Hata kabla ya kunywa chai alivua kofia, akaenda kusimama mbele ya kigoda cha babu, akasema shikamoo. Babu akanyamaza kidogo, kwa raha zake, kisha akasema marahaba. Kiswahili cha babu kilikuwa cha kuungaunga. Nyumbani tulizungumza lugha yetu, na maneno yake mengi hapa nimeyageuza mimi. Lakini marahaba alilipenda. Alisema katika Kiswahili chote hilo ndilo neno moja lililomfaa. Mtu wa mwisho ambaye yeye mwenyewe alimpa shikamoo alikuwa kaka yake mkubwa aliyebaki Mbulu, na kaka huyo alipofariki babu akabaki wa kupokea tu. Alilizungumzia jambo hilo kwa kujivuna, lakini mara nyingine nilimsikia akisema ni upweke.

Mwaka ule babu akashikwa na kifua. Ilikuwa msimu wa kuvuna, kombaini ziko shambani, na baba alikimbia kazi kuja kumchukua. Walimlaza juu ya magunia matupu nyuma ya lori, wakampeleka hospitali ya misheni. Wazee wenzake walishaanza kuitana. Shangazi zangu walishanyoa nywele za watoto, kujiweka tayari. Daktari akampiga sindano siku kumi na nne, na siku ya kumi na tano babu akateremka kwenye lori kwa miguu yake, akauliza nani ameacha geti la zizi wazi.

Ikafanywa pombe ya mtama ya kushukuru. Wazee walikaa kwa mduara uani, mmoja anaomba mstari kwa mstari, wengine wanaitikia. Waliombea mvua, waliombea ng'ombe, waliombea wanawake wazae salama. Mwisho wakampa baba kibuyu, kwa kuwa yeye ndiye wa kubaki na mzee, atamke baraka. Maneno ya baraka hiyo yanajulikana. Unasema: uishi uwaone wajukuu wa mwanao huyu wakioa. Hapo panatosha, maana pana mwisho. Lakini baba alikuwa amelala siku zote zile kwenye sakafu ya hospitali, na furaha ilimzidi. Alinyanyua kibuyu akasema, "Baba, uishi mpaka uchoke mwenyewe. Mpaka uniambie mwenyewe kwa mdomo wako kwamba umechoka, na mimi nitakuitikia upumzike."

Watu wakaitikia kwa sauti kubwa. Babu akatabasamu na meno yake manne. Mama yangu alilia. Ni bibi mmoja tu, dada wa marehemu nyanya yangu, aliyesonya. Alikuwa amekaa karibu na sisi watoto, na nilimsikia vizuri. "Amesema mpaka," alisema, "lakini mpaka gani huo? Hata shamba la maharage lina minyaa mpakani."

Kwetu neno la baraka lililotamkwa juu ya pombe haliokotwi na mtu mwingine. Aliyelitoa ndiye peke yake anayeweza kulirudisha. Kwa hiyo kuanzia siku ile palibaki watu wawili tu wenye kauli juu ya kifo cha babu: yeye wa kusema amechoka, na baba wa kumwitikia.

Huku kwetu mtu akisema mzee fulani amechoka, watu wanaelewa waanze kujiandaa. Sisi nyumbani kwetu tukakatazwa neno lenyewe. Mama alinizaba kofi siku nilipomwambia babu, "Umechoka, nikuletee maji?" Tukajifunza kuzunguka. Tulisema miguu inauma, tulisema jua kali, tulisema usingizi umekuja mapema. Wageni wakimuuliza babu ameamkaje, yeye hakusema salama wala mzima. Alisema, "Bado sijachoka." Watu walicheka, na baba naye alicheka, miaka ile ya mwanzo.

Nisimfanye babu kuwa mtu mbaya. Alinichongea mwiko wangu wa kwanza, mdogo wa kitoto, na alikuwa ananiwekea mafuta ya maziwa pembeni ya kibuyu chake wakati kaka zangu hawaoni. Nilimpenda. Ndiyo maana yanayofuata ninayaandika kwa shida.

Miaka michache baadaye Landrova ya meneja wa shamba ilikuja mpaka uani, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea. Baba alikuwa ameteuliwa kuwa mkuu wa karakana kwenye shamba jingine, mbali zaidi bondeni. Kazi hiyo ilikuwa na nyumba ya matofali yenye bati, bomba la maji nje ya mlango, na taa za jenereta. Familia nzima ihamie huko. Mama aliingia ndani akaanza kukunja khanga. Sisi watoto tuligombania pembe za nyumba ambayo hatujaiona. Ikasemwa babu atachukuliwa na mmoja wa baba wakubwa, yule wa Balangdalalu, ambaye alishakubali.

Baba akavua kofia akaenda kwenye kigoda. Mimi nilikuwa karibu, nachambua mboga. Babu alisikiliza mpaka mwisho. "Nenda, kijana wangu," alisema. "Nani akuzuie? Ni jambo zuri." Akageuza fimbo yake mara moja. "Ila nikichoka, nitamwambia nani?"

Baba alikuwa anaizungusha kofia mkononi, ile kofia ya kazi yenye mafuta. Sidhani babu alikusudia kumfunga. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza ufunguo utaachwa wapi. Lakini baba alirudi kwenye Landrova, akainama dirishani, akazungumza kidogo, na gari likageuza. Mama alipotoka ndani na khanga zake alimkuta anafunga kamba ya mbuzi. "Ngoja kwanza mzee apumzike," baba alimwambia. "Nafasi zitakuja nyingine. Ni kusubiri kidogo tu."

Kidogo hicho kilichukua zaidi ya miaka ishirini.

Babu aliwazika watoto wake mmoja baada ya mwingine. Alikwenda yule wa Balangdalalu, wakaenda shangazi wawili, akaenda baba mkubwa wa Mbulu ambaye alishakuwa mzee wa mkongojo. Kila msiba ulipotokea babu alikaa ukutani akisubiri aambiwe ni nani. Wenzake waliokaa naye kwenye mduara wa pombe waliisha wote, na yule bibi aliyesonya naye akaisha. Macho yake yakaingia ukungu, kisha yakazimika. Kichwa kilibaki salama. Afadhali kingechanganyikiwa, kwa sababu alikumbuka kila kitu na hapakuwa na mtu wa kukumbuka naye. Alikuwa akisema, "Ule mwaka wa nzige," anageuza uso huku na huku, na sisi tulikuwa tunamtazama tu. Nzige gani?

Watu wa nje walimpenda. Walikuja kutoka Katesh, kutoka Dongobesh, walileta watoto wachanga awashike kichwa ili wapate miaka yake. Padre alimtaja kanisani. Walimwuliza siri ni nini, kama ni maziwa, kama ni asali, kama ni kutokuvuta ugoro. Halafu waliaga wakaenda zao, na mama yangu akaingia na beseni. Mama aliolewa kwenye ule mji akiwa msichana na alizeeka ndani yake akiitwa mke wa kijana. Alimwosha mkwe wake, jambo ambalo kwa heshima ya kwetu mwanamke hapaswi hata kuliona. Mwanzoni alijifunika uso kwa khanga akiwa anafanya. Baadaye aliacha kujifunika, na siku aliyoacha hakumwambia mtu.

Niseme wazi, maana hakuna atakayenichapa sasa. Tulimngoja afe. Hakuna aliyetamka, lakini babu akikohoa asubuhi, mikono yote pale uani ilisimama. Mama alisimamisha mchi, baba alisimamisha jembe, mimi nilisimamisha ufagio. Kikohozi kikitulia, mikono ikaendelea. Hatukutazamana. Nilijichukia kwa hilo, na kesho yake ufagio wangu ulisimama tena.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo kijijini. Niliolewa, mume akafariki mapema, nikarudi nyumbani na mtoto mmoja. Kwa hiyo niliyaona yote. Nilimwona baba yangu akiota mvi kichwa kizima na bado anaomba ruhusa. Alitaka kupanda mbaazi kwenye shamba la chini. Babu akasema pale ni pa mtama, na mtama ukapandwa. Alitaka kuuza fahali mzee. Babu akasema fahali yule ni wa ukoo fulani wa ng'ombe aliokuja nao kutoka Mbulu, asiguswe. Kwenye mkutano wa kitongoji baba alisimama aseme habari ya njia ya kisimani, na mwenyekiti, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kumi na mitano, akamkatisha kwa adabu: "Kijana, tumsikie kwanza mzee amesemaje." Watu hawakucheka. Ndiyo ilikuwa inaniuma, kwamba hakuna aliyeona kuna cha kucheka. Yule mwenyekiti baba yake alikuwa amekufa zamani, basi yeye akawa mtu mzima.

Na mashamba ya ngano yakafika mwisho. Vipuri viliacha kuja. Matrekta yalisimama kwenye majani, kuku wa kambini wakatagia ndani ya kombaini, na wafugaji wakaanza kurudisha ng'ombe taratibu pembeni mwa bonde, kujaribu. Wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani. Babu aliyaona mashamba yale yakija na akaishi mpaka yakaondoka. "Niliwaambia," alisema, ingawa hakuwa amemwambia mtu chochote.

Baba alirudi na vitu viwili: sanduku la spana, na mabati aliyonunua kwa malipo yake ya mwisho. Alikuwa na hamu ya nyumba ya bati tangu ile siku ya Landrova. Lakini kiwanja kizuri kilikuwa pale pale lilipokuwa tembe, na tembe huwezi kulibomoa mzee akiwa ndani. Babu alisema hataki bati juu ya kichwa chake, mvua ikipiga hatasikia ng'ombe wakiita. "Sawa, Baba," baba alisema. Akayaegemeza mabati kwenye ukuta wa jiko, akayafunika kwa mabua ya mahindi. Kila mwaka baada ya kuvuna alibadilisha mabua. Kutu ilianza pembeni, ikawa inaingia ndani. Alikuwa akizisugua zile sehemu kwa mchanga, ameinama, presha imemvimbisha miguu, na babu kwenye kigoda chake anauliza hiyo ni kelele ya nini.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Baba, mwulize basi. Mwulize kama amechoka."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nikimwuliza nitakuwa namfukuza," alisema. Kisha akaongeza polepole, "Mimi nilitaka akae. Ile siku, nilitaka kweli."

Baba alifariki mwezi wa saba, wakati wa kuvuna mahindi. Alirudi kutoka shamba la chini mchana, akakaa chini kwenye kivuli cha jiko, mgongo kwenye yale mabati. Mama akampa maji kwenye kikombe cha bati. Akanywa nusu, akakiweka chini vizuri, akasema, "Nimechoka."

Mama akaziba mdomo kwa mkono. Neno hilo, nimechoka, lilikuwa halijatoka kinywani mwa mtu pale uani kwa miaka zaidi ya ishirini, na sasa limesemwa na mtu asiyestahili kulisema. Nilidhani baba ataligeuza kuwa mzaha. Alifumba macho. Mama aliingia jikoni kumchemshia chai, na alipotoka nayo hapakuwa na mtu wa kuinywa.

Mimi ndiye niliyeingia kumwambia babu. Nilichuchumaa mbele yake nikasema shikamoo, akasema marahaba, nikamwambia, "Baba amefariki."

"Baba yupi?"

"Baba yangu."

"Yule kijana?"

"Ndiyo, Babu."

Mkono wake ulikuwa unapapasa fimbo juu na chini. "Alichoka lini?" aliuliza. "Mbona mimi sijamwambia bado?"

Kwenye msiba watu walijaa. Mwenye duka mmoja wa Katesh, Mwislamu aliyezoeana na baba tangu enzi za kambi, alileta sukari na sanda nzuri, akakaa nasi siku tatu kana kwamba ni ndugu. Wengine wote walipofika walikwenda kwanza kumsalimia babu, kwa heshima, kisha ndipo walikuja kwetu wafiwa. Mwanamume mmoja alimshika babu mikono yote miwili akamwambia, kwa mazoea tu, "Mzee, Mungu azidi kukuongezea." Jeneza la mwanawe lilikuwa hatua kumi kutoka hapo. Nilikwenda nyuma ya zizi nikapiga kelele, na ng'ombe wakageuka kunitazama.

Tulimzika nyuma ya jiko, na kaka zangu wakachukua yale mabati wakajenga kibanda kidogo juu ya kaburi, ili lisibomolewe na mvua. Hivyo baba akapata paa lake. Kaka zangu wakarudi makwao, Arusha na Babati. Kitinda mimba wetu, aliyepaswa kubaki, alisema wazi kwamba hatabaki. "Sitaki kuzeeka nikiitwa kijana," alisema, akapanda basi. Simlaumu. Tukabaki mama, mimi, mwanangu, na babu.

Zikapita wiki kama sita. Asubuhi moja nilimpelekea babu uji, akausukuma. "Nipeleke kwake," alisema.

Alikuwa mwepesi kuliko debe la mahindi. Nilimkalisha kwenye kiti cha kamba, nikambeba na kiti chake mpaka nyuma ya jiko, nikamweka karibu na kaburi. Manyunyu ya asubuhi yalikuwa yanapiga juu ya bati. Akageuza kichwa.

"Hii bati ni ya nani?"

"Ni ya Baba."

"Alijenga?"

Babu alivua kofia yake ya sufu. Nilikuwa sijawahi kumwona akiivua mbele ya mtu yeyote; kichwa chake kilikuwa kidogo na cheupe. Akaishika mapajani kwa mikono yote miwili, jinsi baba alivyokuwa akishika ya kwake.

"Shikamoo," alisema.

Nikadhani nimesikia vibaya. Aliendelea, kwa lugha yetu sasa, polepole, kama mtu aliyelijifunza neno njiani. Alisema mkubwa ni yule aliyetangulia, kwa hiyo yeye sasa ndiye mdogo na amekuja kusalimia. Kisha akasema, "Uliniambia nikichoka nikwambie mwenyewe kwa mdomo wangu. Nimechoka. Nilichoka zamani. Niliona haya kukwambia, kwa sababu ulifurahi sana ile siku."

Akategesha sikio.

Nilielewa kinachotakiwa. Lilikuwa neno moja, marahaba, na baada yake, pumzika. Sikio lake linalosikia lilikuwa limebaki moja, na hilo lilikuwa halichagui tena sauti ya nani ni ya nani. Nilikuwa binti wa baba yangu, nimesimama juu ya kaburi lake. Kama kuna mtu duniani angeweza kuitika kwa niaba yake, ni mimi. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mchi mkononi. Alinitazama. Akaninyanyulia kidevu: mwitikie. Yeye, aliyemwosha miaka yote ile, aliniambia nimwitikie.

Nikafikiria ile kofia ikizungushwa siku ya Landrova. Nikafikiria mchanga ukisugua kutu. Nikaona amejua, miaka yote hiyo amejua, kwamba amechoka, na alikaa juu ya neno hilo mpaka baba yangu akaisha. Hasira iliyonipanda ilikuwa ya baridi, na nitasema ukweli, ilikuwa tamu. Baba alingoja. Nikaona na yeye angoje.

"Amesemaje?" babu aliuliza.

"Hajaitika, Babu."

Akatikisa kichwa, bila kushangaa. "Atakuwa amelala. Kijana yule akitoka kazini hulala sana." Akavaa kofia yake. "Tutarudi kesho."

Tukarudi kesho yake. Tukarudi na keshokutwa. Kila siku isiyokuwa na mvua kubwa, kabla sijaenda shuleni, nilimbeba na kiti chake, akavua kofia, akatoa shikamoo yake, akasema amechoka, na mimi nilisimama nyuma ya kiti nimefunga mdomo. Hasira yenyewe haikudumu. Iliisha ndani ya mwaka wa kwanza. Lakini kufikia hapo nilikuwa nimeshamwacha asalimie kaburi siku nyingi mno, na kama ningeitika angejua kwamba nilikuwa naweza kuitika tangu mwanzo. Nikaona haya. Haya hiyo ilimweka hai miaka minne. Mama hakuninyanyulia kidevu tena, na habari hiyo hatukuizungumza mpaka naye akafa.

Babu alifariki kiangazi, asubuhi, amekaa kwenye jua lake, bakuli la uji halijapoa mkononi. Nilimwosha mimi, mama ameshika beseni. Nilipokuwa namfunga kidevu kwa kitambaa niliinama kwenye lile sikio moja nikasema, "Marahaba, Babu. Pumzika."

Mama alisikia. Alimwaga maji machafu nje, akasuuza beseni, akaenda kuteka mengine.